Mahindi Marefu ya Kantembo

Kijiji cha Ujamaa Kantembo,
Sumbawanga.
7 Desemba 1975

Mpendwa Shangazi Ndimyake,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya kama inavyoniacha mimi, huku nikiendelea na ujenzi wa taifa. Baba ameniandikia kwamba yule ng'ombe aliyepotea alirudi mwenyewe, na kwamba dada Atusaye amejifungua mapacha. Habari ya ng'ombe imechukua ukurasa mzima na mapacha mstari mmoja, kwa hiyo nakuomba wewe unieleze vizuri.

Mimi nimepangiwa kituo. Kijiji kinaitwa Kantembo, kiko juu huku Ufipa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya kwenda Muze, kabla ardhi haijaanguka kuelekea bonde la Rukwa. Watu walihamishiwa hapa mwaka jana wakati wa Operesheni Vijiji. Nyumba zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, na upepo unapita katikati kama mkaguzi. Miti hakuna. Mto hakuna, maji yanafuatwa mbali. Wenyeji ni Wafipa, Wakatoliki, wapole sana. Majumbani wanasema Kifipa, na mimi wananisemesha Kiswahili taratibu kama mtu anayesemesha mgonjwa. Ndimi bwana shamba wao. Niko kwenye matazamio mwaka mmoja. Mwisho wake nitathibitishwa kazini, au nitarudi kwa Baba kuchunga yule ng'ombe.

Jambo lenyewe ni ile kamera ya marehemu Mjomba uliyonipa. Nimepiga mkanda wa kwanza na nimempa dereva wa lori la mbolea akuletee hapo studio. Tafadhali usafishe, unieleze makosa yangu. Usinifiche kitu.

Mtoto wako,
Anyosisye


Mwanjelwa, Mbeya.
3 Januari 1976

Anyosisye,

Marahaba. Mimi mzima, nyumba nzima, paa linavuja pale pale. Hiyo "huku nikiendelea na ujenzi wa taifa" mwandikie mkubwa wako wa kazi. Mimi nilikuogesha kwenye beseni. Mapacha wa Atusaye ni wa kike, wana nguvu, wanafanana na baba yako wanapolia. Yeye anawaombea kila alfajiri kwa sauti ya mzee wa kanisa, kwa hiyo hawalali, na mama yao halali, na sasa Atusaye naye anaomba, lakini anaomba kitu kingine.

Umesema nisikufiche. Picha kumi na mbili, vichwa vinne. Nilidhani umepelekwa kijiji cha watu wasio na vichwa.

Sikiliza. Kamera ile ina macho mawili. La juu ni la kutazamia, la chini ndilo la kupigia. Mtu akiwa mbali haidhuru. Ukimsogelea, unachokiona wewe kwa jicho la juu sicho anachokiona yule wa chini. Yeye ni mfupi, anaona vifungo vya shati. Ukishapanga picha yako, inyanyue kamera vidole viwili vitatu, ndipo ubonyeze.

Umepiga saa sita mchana. Kila mtu ana mashimo mawili meusi mahali pa macho, na wenye kofia hawana uso kabisa. Nani alikutuma? Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Jua lisikae mgongoni kwa mtu, wala usimtazamishe nalo mpaka akunje uso kama ametafuna kwinini. Likae ubavuni. Na usipime mwanga kwa kutazama mawingu. Mawingu ni meupe, shati la Mkristo siku ya Jumapili ni jeupe, na sisi ni weusi. Ukipima kwa mawingu, watu wote wanatoka makaa. Tazama mgongo wa mkono wako mwenyewe ukiwa kwenye mwanga ule ule wa mtu unayempiga, pima kwa huo.

Huo upepo wenu nimeuona kwenye picha, kila kitu kinatetemeka. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi, halafu bonyeza taratibu. Usivute pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi.

Kuna bwana mwenye tumbo, nadhani ndiye mwenyekiti, maana hakuna mwingine mwenye tumbo. Umemsimamisha mbele ya mlingoti wa bendera na mlingoti umemwota utosini. Kabla ya kubonyeza tazama nyuma ya mtu. Hatua mbili kushoto zingemwokoa.

Lenzi usiifute kwa shati, unaikwaruza. Tumia kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imechoka.

Picha nzuri ni moja tu, ya kuku. Amekaa kwenye mwanga, anafanya shughuli zake, hakuna aliyemwambia asimame wima. Watu nao uwafanye hivyo. Wape kitu cha kushika, waongeleshe, wala usihesabu moja, mbili, tatu. Kwenye tatu kila mtu anakufa.

Shangazi yako,
Ndimyake


Kantembo.
8 Februari 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mapacha wana nguvu. Mwambie Atusaye kwamba huku akina mama wanamwuliza kila siku, maana niliwaonyesha picha yake na wamekubaliana kwamba ana sura ya mtu anayefanya kazi kuliko kaka yake.

Nimefanya yote uliyosema. Kwenye mkanda wa pili uliousafisha watu sasa wana vichwa. Nimempiga katibu wa kijiji, Bwana Wilibrodi, akinoa jembe, na ametoka vizuri mpaka mke wake ameniuliza nilimpata wapi mtu huyo. Mwenyekiti, Bwana Modesti, alisikitika kuhusu mlingoti lakini amekataa picha ile itupwe. Anasema kwa mbali unaonekana kama cheo. Ni mtu mchangamfu. Akikutana nawe njiani anakushika mkono na hauachii mpaka umekubali jambo fulani.

Mvua zimekuwa za kusuasua. Lakini tusizungumze mvua.

Nina swali la kitaalamu. Tuseme mtu ana kitu kidogo, kwa mfano mmea, na anataka kwenye picha kionekane kikubwa, bila kusema uongo. Anafanyaje? Ni swali la jumla tu, la kujiendeleza.

Mtoto wako,
Anyosisye


Mwanjelwa, Mbeya.
19 Februari 1976

Anyosisye,

Marahaba. Baba yako anakusalimu na kukuuliza kama unasali. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unasali sana. Sasa una deni kwa Mungu, siyo kwangu.

Swali la jumla! Nimecheka mpaka fundi wa jirani akaja kuuliza kama nimepatwa na msiba. Mwanangu, mimi na marehemu Mjomba wako tumekula miaka ishirini kwa swali hilo la jumla. Palikuwa na bwana harusi mmoja wa Tukuyu aliyemfikia bibi harusi kwenye kwapa. Tulimsimamisha juu ya kreti ya bia, gauni likafunika kreti, na picha ile mpaka leo iko ukutani kwao. Watoto wao wanashangaa baba alifupika lini.

Haya. Kitu kikubwa ni kile kilicho karibu na lenzi na kilichosimama kwenye anga. Basi shuka. Piga magoti, kama nguo siyo ya kanisani lala kabisa, weka kamera chini karibu na mmea, elekeza juu. Mmea utatoboa mawingu. Watu wasogeze nyuma, hatua nane au kumi, tena chagua wafupi. Warefu watume kuchota maji. Kama hakuna wafupi wa kutosha, wachuchumae kama wanaopalilia. Ukiwa na mimea mizuri ishirini, ijaze picha nzima kwa hiyo ishirini; kinachobaki nje ya picha hakimhusu mtazamaji, hana habari nacho. Geuka upande wa pili upige ile ile ishirini kwa mgongo, jua likiwa ubavu mwingine, na umepata shamba la pili.

Kitu chenyewe ni nini? Kama ni wewe, sema tu, tutatafuta kreti. Na pale uliposema "bila kusema uongo", hapo sina ufundi, nimekuachia mwenyewe.

Shangazi yako,
Ndimyake


Kantembo.
10 Machi 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa maelezo. Huku sote wazima. Dereva atakupa mkanda mmoja. Naomba kila picha itoke nakala mbili, saizi kubwa, kwa ajili ya maonyesho ya maendeleo huko Sumbawanga mjini.

Kazi ilikwenda vizuri. Bwana Wilibrodi alipita nyumba hadi nyumba akawaambia watu warefu wapumzike. Wengine walikasirika, mmoja alisema amelipalilia shamba lile kuliko wafupi wote. Bwana Modesti alikataa kukaa nyuma, akaingia mwenyewe katikati ya mahindi akapiga magoti. Wazee wawili walidhani anasali, wakavua kofia.

Kuhusu shamba lenyewe, unajua mambo ya mashamba.

Mtoto wako,
Anyosisye


Mwanjelwa, Mbeya.
28 Machi 1976

Anyosisye,

Marahaba. Picha ni hizo, nimezifunga kwenye kadibodi zisikunjike. Kwa ufundi sina la kusema. Ningekuwa sikujui ningepanda basi kuja kununua mahindi.

Ila mimi nazitazama picha zikiwa ndani ya maji, zinapotoka polepole, na mtu akizitazama hivyo anaona na vya pembeni. Picha ya saba, nyuma ya bega la mwenyekiti wako kuna pengo. Ndani ya pengo kuna mahindi mengine, mengi kuliko yale ya mbele, na yamefika gotini, majani yamejikunja. Nimeikata pembe hiyo. Umeniagiza picha, hukuniagiza maswali.

Na ya tisa, mkono wa kulia, kuna mama amekunja mikono. Wenzake wote wanatazama kamera, yeye anakutazama wewe. Ni nani?

Mapacha walibatizwa Jumapili. Mmoja alimkojolea mchungaji, yule mwingine akangoja akabidhiwe kwa baba yako.

Ndimyake


Kantembo.
9 Mei 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Kwanza kalamu iliisha wino. Wino ulipopatikana nikawa na kazi nyingi. Kazi ilipoisha nikakosa sababu, na bado sikuandika. Wape pole waliokojolewa.

Yule mama anaitwa Cornelia. Ni mjane. Katika shamba lile la kijiji yeye ndiye anayefika wa kwanza, na siku nyingine ndiye anayefika peke yake.

Sasa nikueleze. Kwenye karatasi za Bwana Modesti shamba lina ekari arobaini, na kweli zimelimwa. Lakini watu walikuwa bado wanajenga nyumba za hii mistari miwili, mbegu zikaja mvua zimeshaanza kuchoka, na mbolea ikaja baada ya mbegu. Mahindi yaliyokua vizuri yako pembeni tu, kwenye udongo wa boma la zamani la ng'ombe. Ndiyo uliyoyaona. Mashamba yao ya ulezi waliyaacha walikotoka, mwendo wa nusu siku, nguruwe pori wameyavuna.

Wilaya ilikuwa imeandika kwamba vijiji vilivyochelewa kupanda vitapewa mahindi ya msaada, yale ya njano, na sisi tulikuwemo. Bwana Modesti hakutaka kuonekana ombaomba. Alinishika mkono, akaniambia bwana shamba ambaye kijiji chake kinaomba chakula hathibitishwi kazini. Hakuuachia. Nikakubali mkono wangu uende na kamera.

Baada ya maonyesho picha zilitundikwa ukutani katika ofisi ya wilaya inayogawa chakula. Bwana Modesti akapewa zawadi ya redio ya betri. Wiki tatu baadaye ikaja barua: Kantembo ni kijiji cha mfano, tumeondolewa kwenye orodha ya msaada, na tukivuna tutawachangia wenzetu magunia mia mbili.

Shangazi, hata hamsini hayatafika. Watu wanakula mara moja kwa siku, uji wa ulezi na mboga za porini. Juzi asubuhi Cornelia alinikuta mlangoni kwangu.

"Bwana shamba," akasema, "nasikia tumeshiba."

"Nani amesema, mama?"

"Picha."

Nikaingia ndani nikatoka na kamera, nimetia mkanda wangu wa mwisho. Sijui nilitaka kufanya nini nayo. Akaitazama, akanitazama.

"Piga," akasema. "Ila usinirefushe."

Tulizunguka mpaka saa tatu. Alinipeleka kwenye vihenge, akafungua kimoja kimoja. Nilipiga shamba lote nikiwa nimesimama wima, kwa urefu wangu wa kawaida, na yeye katikati, mahindi gotini. Nilipiga chungu kikiwa jikoni na kilichokuwa ndani ya chungu. Mzee mmoja alijinyoosha akaanza kuweka uso wa picha. Cornelia akamwambia kitu kwa Kifipa na mzee akaendelea kuchambua mboga zake. Nilibana viwiko, nikatoa pumzi, nikabonyeza taratibu kama ulivyonifundisha.

Mkanda ndio huu. Nyuma ya karatasi hii nimeandika majina na tarehe. Usafishe, kisha ufiche picha chini ya kitanda, asizione mtu. Nimebakiza miezi saba nithibitishwe. Nimepiga ili ziwepo tu.

Mtoto wako,
Anyosisye


Mwanjelwa, Mbeya.
20 Mei 1976

Anyosisye,

Marahaba. Mkanda umefika. Zote kumi na mbili zimetoka safi. Umekuwa mpiga picha, pole sana.

Kuhusu chini ya kitanda, kitanda ninacho. Nina safari ndogo ya mambo ya kanisa, ukiandika usishangae nikichelewa. Mapacha wameota meno, wamemng'ata baba yako.

Ndimyake


Mwanjelwa, Mbeya.
4 Juni 1976

Mwanangu Anyosisye,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama kuna mtu karibu mwenye moyo mwepesi, mtoe nje.

Sikwenda kanisani. Nilipanda basi nikapita Tunduma nikaja kwenu Sumbawanga, siku moja na nusu. Nimekula vumbi la kutosha kufyatulia tofali. Nililala kwa masista, wakanipa uji na blanketi, maana baridi yenu siyo ya binadamu. Asubuhi nikavaa gauni langu la msibani nikaenda kwenye ile ofisi inayogawa chakula. Karani akasema mkubwa haonani na watu. Nikamwambia siji kuonana naye, nakuja kumpiga picha. Mlango ukafunguka. Sijawahi kuona mkubwa aliyekataa kupigwa picha.

Anaitwa Bwana Adriano, mtu mwembamba, ana macho ya mtu asiyelala. Nikamweka dirishani, nikampa faili ashike. Ukutani mwake kote ni mahindi. Ya kwako nayatambua, yako katikati, yamependeza. Nilipomaliza kumpiga nikazipanga zile kumi na mbili juu ya meza yake, moja moja, kama karata. Akazitazama kwa muda mrefu. Akarudi kwenye ile ya Cornelia amesimama katikati ya shamba.

"Hapa ni wapi?"

"Kantembo."

"Kantembo ni ile pale ukutani."

"Na hii ni Kantembo ambayo haikuenea pale ukutani."

"Nani amepiga hizi?"

"Mimi."

"Na zile za ukutani?"

"Mimi vilevile. Nilidanganya. Andika jina langu."

"Mama, wewe umefika Kantembo?"

"Nimefika."

"Wanavuka mto gani kufika huko?"

"Hawana mto, ndiyo shida yao nyingine."

Akaandika jina langu na anwani. Picha akabaki nazo. Nikapanda basi la kesho yake. Kwa makusudi sikuja kwako kwanza. Ningekuona ulivyokonda ningezirudisha chini ya kitanda.

Najua umekasirika. Uliniambia nizifiche na mimi sikukuahidi, tazama barua yangu. Lakini sitajificha nyuma ya barua. Yale mambo ya kulala chini na kutuma warefu kuchota maji nilikuandikia mimi, tena nikicheka. Nilipoiona pembe ile ya picha ya saba nilijua, nikachukua mkasi. Kwa hiyo nusu ya mahindi yale marefu ni yangu, na nilikwenda kuyavuna.

Nitukane, lakini andika.

Shangazi yako,
Ndimyake


Kantembo.
11 Julai 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua ya kwanza niliyokuandikia niliichana. Ya pili ilikuwa na maneno ambayo mtu hamwandikii aliyemwogesha kwenye beseni, nikaichana pia. Hii ni ya tatu.

Nilikasirika siku nne. Siku ya tano Bwana Modesti alikuja mbio, ameshika karatasi kutoka wilayani, uso unang'aa. Imeandikwa kwamba kuna mwanamke wa Mbeya amekiri kuidanganya ofisi kwa picha, na kijiji kinatakiwa kueleza kinavyomjua.

"Bwana shamba, tumepona!" akasema, akanishika mkono. "Tutasema hatumjui. Alikuja, akapiga, akaondoka. Mungu ametuletea mama huyu!"

"Mama huyo ni shangazi yangu," nikasema.

"Basi Mungu amemleta kupitia ukoo wako."

Hakuwa anatania. Nikauvuta mkono wangu. Ulitoka kwa shida kidogo, lakini ulitoka.

Nilitembea mpaka barabarani, nikapata lori, nikafika mjini. Bwana Adriano alinipokea bila kunikaribisha kiti. Nikamwambia zote nimepiga mimi, za uongo na za kweli, na shangazi yangu hajawahi kuiona Kantembo hata kwa mbali.

"Hilo nalijua," akasema. "Alipokuwa anatoka nilimwomba anionyeshe Kantembo iko upande gani. Akanyoosha kidole kwa uhakika kabisa. Alikuwa ananionyesha choo cha ofisi."

Akaniambia nitazame ukuta.

"Vijiji kumi na kimoja vimeniletea picha. Kila kijiji mahindi yanawazidi watu. Nilianza kudhani nimepangiwa wilaya ya watu wafupi."

"Sasa kwa nini uliamini, mzee?" Shangazi, ulimi ulinitoka kabla sijaupima.

Hakukasirika. Akasema, "Chakula nilichopewa kinatosha vijiji sita. Kila picha ya namna hiyo iliyokuja, nilishukuru."

Akanipa kalamu na karatasi, nikaandika maelezo. Jina lako nimelifuta kwenye makosa na kubakiza kwamba ulisafisha mikanda. Matokeo ni haya. Sithibitishwi. Matazamio yangu yameongezwa mwaka mzima, nina barua ya onyo yenye mhuri, na mwezi ujao nahamia Kabwe, ziwani, ambako naambiwa wanavua dagaa tu. Mwambie Baba polepole, baada ya chakula. Atasema angenipa ng'ombe.

Bwana Modesti bado ni mwenyekiti. Kwenye mkutano alihutubia saa nzima kwamba yeye mwenyewe, baada ya kuchunguza kwa kina, ndiye aliyeifumbua macho wilaya. Watu walipiga makofi, wamezoea. Cornelia hakupiga makofi, alikuwa ameinua mkono anataka kuuliza. Akauliza kama kwa kuwa sasa macho yamefumbuka, ile redio itarudishwa. Mkutano ulifungwa kwa sala.

Mahindi yalikuja juzi Ijumaa. Ya njano, lori zima. Lori halikuweza kupanda, likashusha barabarani, na kijiji chote kikashuka kulifuata: warefu, wafupi, wazee, wenye watoto mgongoni. Magunia mengine yalifunguliwa yakagawanywa kwenye vikapu na ndoo. Bwana Wilibrodi alibeba moja zima peke yake na mke wake alikuwa nyuma anamwambia kila mtu huyo ni mume wake. Mimi nilipata gunia ambalo kona yake ilikuwa imechanika, Cornelia alitembea nyuma yangu na bakuli, akikinga punje zinazodondoka, na kila hatua chache akiniambia, "Nyoosha mgongo, bwana shamba, unamwaga."

Najua utauliza. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Jua ubavuni kabisa, mawingu hakuna, watu mia mbili wanapanda kilima kwa mstari mmoja, mizigo kichwani, vumbi jekundu limewafika magotini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameweka uso. Kamera ilikuwa inaning'inia kifuani, ndani mna nafasi mbili zimebaki za mkanda niliounua mjini.

Picha sina, Shangazi. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika gunia.

Wabusu mapacha, ukijihadhari na meno.

Mtoto wako,
Anyosisye